Taa Zilikuwa Sawa

Nianze na jambo ambalo watu wa nyumbani kwangu hulizunguka kama shimo: mimi sioni. Jicho la kushoto limekufa kabisa. La kulia limeniachia kipande kidogo cha dunia, mfano wa mtu anayechungulia kupitia bomba la maji. Gazeti nasomewa. Mayai ya kuku wangu nayaokota kwa kupapasa. Mtu akiniuliza macho yalienda wapi, namwambia yalibaki kwenye barabara ya Namanga, kati ya Kajiado na Kitengela, nikiwa nyuma ya usukani wa gari lenye taa kali kuliko magari yote ya wilaya. Wageni hucheka, wakidhani mzee anapenda utani. Sina utani wowote. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilipunguzwa kazini mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa masijala Nairobi, mtu wa mafaili, na siku moja tukaitwa ukumbini tukaambiwa ati serikali inatushukuru. Wakati huo tulikuwa tunakodi nyumba Rongai. Tukahamia Kitengela kwenye kiploti chetu, tukajenga vyumba vitatu vya mawe, nikaanza kufuga kuku wa mayai. Mama watoto alikuwa muuguzi, na baada ya muda akahamishiwa hospitali ya Kajiado, wodi ya akina mama wanaojifungua. Basi mshahara ukawa wake, mimi nikawa mtu wa kuku. Kitu kimoja tu kilibaki changu, nacho ni gari. Lilikuwa saluni ya Kijapani, nyeupe, iliyomzidi umri kitinda mimba wetu. Asubuhi nilimpeleka kazini, jioni nikamfuata. Alipotoka getini na mkoba wake akanikuta nimesimama kando ya gari, nilijihisi bado ni mwanamume wa nyumba. Sioni aibu kusema. Nikinyang'anywa usukani huo, nilijiambia, nitabaki na nini?

Na nilijua fika ni nini kingeweza kuninyang'anya. Baba yangu alipofuka kwa presha ya macho. Huko kwetu magharibi hakuna aliyeijua kwa jina hilo wakati ule. Wengine walisema moshi wa jikoni, wengine wakamtazama jirani kwa jicho baya. Alikuwa fundi wa baiskeli anayeaminika soko zima. Kila nilipoenda nyumbani Desemba nilikuta kamba ya katani imefungwa kutoka nguzo ya mlango hadi chooni, na baba anaifuata kwa mikono miwili, polepole, akihesabu mafundo. Watoto wa boma waliruka kamba hiyo hiyo kwa mchezo, naye akisimama katikati kungoja wamalize. Sikuwahi kumwambia mtu jinsi kamba ile ilivyonitisha. Niliiota hata baada ya kumzika.

Mama watoto alinieleza mapema, kwa lugha yake ya hospitali, kwamba ugonjwa huo hutembea katika damu ya ukoo. Hauumi. Huanza kuiba pembeni, ukiacha katikati pazuri ili mwenyewe asishtuke. Ukigunduliwa mapema kuna dawa ya matone ya kuuzuia. Kilichokwisha kuibwa hakirudi. Aliniambia nikapimwe. Kliniki ya macho ilikuwa hapo hapo kwake hospitalini, na mimi kila jioni niliegesha gari mkabala na benchi lake, nikawaona wagonjwa wa mwisho wakitoka na pamba usoni. Nilimwambia nitaenda, nitaenda. Nilisema hivyo mwaka mzima.

Kisha barabara ikaanza kunipotea. Ilikuwa ile saa jua limezama na giza halijakomaa, tukiwa tumeshapita Isinya tukirudi nyumbani. Ukingo wa lami upande wa kushoto ulikuwa haupo. Ulikuwa umeyeyuka tu. Taa za gari langu niliziona zimefifia, mwanga wa chai ya rangi iliyorudiwa mara tatu. Nikamwambia mama watoto taa zimezeeka. Akasema kwake zinaonekana sawa, lakini yeye si dereva, hajui. Nikazisugua vioo kwa dawa ya meno, maana mtu mmoja pale steji alisema inasaidia, ingawa vioo vyenyewe vilikuwa safi. Mchana nako nilikuwa najikwaa. Nilijikwaa kwenye vyombo vya kunyweshea kuku, nikajikwaa kwenye kigoda, nikajikwaa kwenye ndoo ambayo kila mtu aliapa imekaa hapo tangu tuhamie. Niligombana na nyumba nzima. Nilifoka kwamba watu wa siku hizi hawana adabu, wanaacha vitu njiani kama hawana mahali pa kuviweka. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira ni kitu kizuri sana cha kujifichia.

Mama watoto alinitazama nikifoka. Jumatatu moja aliniambia kwamba kama naona haya kupimwa kazini kwake, kesho niende Nairobi, kwa daktari wa macho, akanipa na nauli na pesa ya kadi. Nilienda. Naapa nilienda mpaka mlangoni. Kulikuwa na mzee wa rika langu ameshikwa mkono na binti yake, anapandishwa ngazi, na binti anamwambia "nyanyua, baba, nyanyua," kwa sauti ile ya kumwambia mtoto. Miguu yangu iligeuka yenyewe. Nilijikuta Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, nikiulizia balbu za nguvu.

Jioni nikamwambia nimepimwa, na daktari amesema macho ni ya kijana. Alifurahi jamani. Alichinja jogoo siku ya kazi, akaimba akimnyonyoa. Nilikula nyama ile nikiwa na balbu mbili mfukoni mwa koti, zimefungwa kwenye gazeti, zilizonunuliwa kwa pesa ya daktari. Kila nikikumbuka wimbo ule wa jikoni natamani ardhi ipasuke.

Fundi wangu wa umeme wa gari alikuwa na kibanda chake cha mabati Kitengela, nyuma ya maduka ya chakula cha mifugo. Alikuwa mtu mtulivu mwenye utani wa chinichini, mweledi wa kazi yake. Alizitazama balbu zangu akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba hizi zinakula umeme karibu mara mbili ya zile za kiwandani. Nyaya za gari zilikuwa nyembamba, swichi ya usukani ingeungua, afadhali aweke rilei, kiswichi cha kubeba umeme mwingi, na nyaya nene moja kwa moja kutoka betrini. Nilimwambia aache maneno, aweke balbu. Akaweka. Kwa wiki moja nilijidanganya kwamba naona. Wiki ya pili tukanusa plastiki ikiungua, na taa zote zikazima tukiwa tumebakisha kidogo kufika Isinya. Tulisukuma gari mpaka kando, mama watoto akiwa na viatu vyake vya kazini. Hakulaumu. Alisema tu kwamba gari nalo lina umri wake.

Nilirudi kwa fundi, akaweka rilei, akaweka nyaya nene, akafanya kazi safi. Halafu akafanya alichomfanyia kila mteja. Jua likishazama alielekeza gari kwenye ukuta mweupe wa ghala la unga, akapima hatua, akachora mistari kwa chaki, akakaza na kulegeza skrubu mpaka mwanga ukakaa pale panapotakiwa. Alirudi nyuma akasema hiyo ni taa ya kumwonyesha mtu njia bila kumkera anayekuja. Akaniuliza naonaje. Nilitazama ukuta. Katikati niliona mwanga mkali, mzuri. Pembeni hapakuwa na ukuta. Nikamwambia bado.

"Mzee, hizi taa ziko sawa," akasema. "Ama unataka kuona mpaka Namanga?"

Nilicheka naye. Halafu nikageuka niondoke nikajikwaa kwenye jeki yake, nikaanguka kifudifudi mbele ya wateja. Nilimfokea kwa kuacha jeki njiani. Alinifuta vumbi magotini akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikaona amenitazama, na nikamchukia kwa hilo. Yule mtu alijua. Fundi wa nyaya alijua kabla ya mke wangu.

Miezi ikapita, nami nikazidi kuzama. Ndipo zikaingia zile balbu nyeupe zenye rangi ya samawati kidogo, za kutoka nje, zinazokuja na vijisanduku viwili vya chuma vya kuziwasha. Wenye magari mapya makubwa walikuwa nazo, na zikipita barabarani ulidhani ni radi. Nikauza kuku kumi nikazileta. Fundi alikataa katakata. Kioo cha taa zako, akasema, hakikutengenezwa kwa balbu hii. Kitaumwaga mwanga kila mahali, utawapofusha watu. Nilimwambia kama hataki, mafundi wamejaa Kitengela. Akaniambia niende kwa hao. Nikaenda kwa mwingine, akazifunga kabla chai yake haijapoa, bila ukuta na bila chaki.

Sasa, anayeendesha gari nchi hii anajua lugha ya taa. Ukikutana na mwenzako akakupigia fuli mara mbili, yaani akawasha taa ndefu na kuzima haraka, anakuambia kuna kitu mbele: karao, yaani polisi, wamesimama, au ng'ombe wako barabarani, au lori limelala vibaya. Unapunguza mwendo, unamwinulia kidole gumba, unamshukuru mtu usiyemjua. Ndio ujirani wa barabarani. Jioni ya kwanza na balbu mpya, kila gari lilinipigia fuli. Kila moja! Nikafunga mkanda, nikashuka mpaka mwendo wa punda, nikawainulia wote kidole gumba, nikimwambia mama watoto leo karao wametoka kambi nzima. Tulifika Kitengela bila kumwona hata mmoja. Yeye ndiye aliyegundua. Alicheka mpaka akashika mbavu: kumbe watu wanalalamika, taa zako zinawachoma macho, na wewe unawashukuru. Nilicheka pia. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja ndani ya gari lile.

Baada ya hapo nikazoea. Wakinipigia fuli, nilisonya. Nilisema wamezoea vibatari, waache wivu. Mama watoto alinisihi nizirudishe zile za zamani, kwamba si haki kumfanyia mtu hivyo akiwa na familia yake garini. Nilimwambia mimi ndiye dereva. Kwa kweli hata zile nyeupe hazikunisaidia kitu. Mbele yangu palijaa mwanga kama ukungu wa maziwa, na ndani ya mwanga ule sikuona chochote mpaka kiwe puani. Niliendesha kwa kukumbuka. Nilijua kila kona na kila shimo kutoka getini mpaka nyumbani, jinsi baba alivyojua mafundo ya kamba yake. Nilihesabu. Nilijiona nikihesabu, na bado sikusema.

Ule mwaka wa ukame maji yaliadimika, na akina mama wa Kimaasai walisafiri mbali na punda kuyatafuta, wakirudi jioni kando ya lami na mitungi ya njano imening'inia ubavuni mwa wanyama. Jioni moja tulikuwa tumepita Isinya. Saa moja ilikuwa haijafika. Lori likaja, likanipigia fuli mara mbili. Pikapu nyuma yake ikapiga mara mbili. Kisha gari dogo, mara mbili, na dereva akatoa mkono dirishani akaupunga chini, chini, chini. Hilo alilisimulia mama watoto baadaye; mimi mkono sikuuona.

"Baba, hao wanakuambia kitu," akasema.

Nikamwambia wanalalamika tu, kama kawaida. Sikupunguza.

Alinishika mkono. Alisema "punda" kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikatazama mbele nikaona weupe mtupu, mzuri, hauna kitu ndani yake. Halafu gari likagonga, upande wa kushoto. Maji yakapiga kioo cha mbele kama mtu ametumwagia karai zima. Nilikanyaga breki nikakaa. Nilidhani ni damu, kwa sababu sikuona rangi yake.

Mwenye punda hakuumia. Nashukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi, na kila asubuhi najua kwamba hatua moja tu ilimwokoa. Mama watoto alishuka mbio akiwa muuguzi, akamkuta mwanamke amesimama wima ukingoni, na kamba ya punda bado mkononi. Akamsalimu kwanza kwa Kimaasai, Takwenya, na yule mama, huku mnyama wake akirusha miguu chini, akaitikia Iko, kama wamekutana sokoni. Ndipo nilipoanza kulia, pale kwenye usukani, kabla sijajua nalilia nini.

Nilishuka nikaomba msamaha. Yule mama alinisikiliza. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kile kilichotokea, na maneno yake nimeyabeba mpaka leo.

"Mimi nilisimama," akasema. "Nilijua umeniona. Taa yako ilinimulika mpaka nikaona kivuli changu huko mbali. Mtu iko na taa kama hii, hawezi kosa kuniona."

Punda tulimlipia, hilo lilikuwa dogo. Wanaume wa boma lake walifika, wakammaliza mnyama, wakamchukua mama yao na kilichobaki cha maji. Na mambo yaliyofuata nayajua yote. Najua daktari, aliponiwekea mashine yake machoni siku mbili baadaye, alimuuliza mama watoto ni kwa nini tumechelewa hivyo, yeye muuguzi. Alimuuliza yeye, si mimi. Najua alijibu kwamba alidhani nimepimwa, akatazama ukutani. Najua ile miaka miwili niliyohangaika na balbu ndiyo miaka ambayo matone yale yangenibakishia macho. Najua alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na kitu, na kwamba fundi wangu wa kwanza ndiye aliyerudisha balbu za kawaida, akazilenga ukutani kwa chaki, na mke wangu akasema, anaona vizuri kabisa.

Lakini nikiulizwa ni lini nilipofuka, sitaji mashine ya daktari. Nataja pale barabarani, baada ya watu wa boma kuondoka. Taa ya kushoto ilikuwa imepasuka. Ile nyingine ilikuwa bado inawaka, nyeupe pepepe, inamulika nyasi kavu mpaka kwenye ua wa mtu. Mama watoto aliniambia nisimame mbele yake, mgongo wangu kwenye mwanga. Hakuwa na hasira. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, nilikuwa na majibu yangu.

"Ulisema ulienda," akasema.

Nilipapasa mfuko wa koti.

Aliniambia nizibe jicho la kulia kwa kiganja, nimtazame puani, nisiyumbishe jicho. Atauleta mkono wake kutoka pembeni, akasema, na mimi niseme tu pale nitakapouona. Nilifanya alivyosema. Niliiona pua yake, na chini yake mdomo ukitetemeka kidogo, na taa nyuma yangu ikimwangaza mpaka naweza kuhesabu nywele za nyusi zake. Nilisimama nikingoja. Lori likapita. Nikamwambia aanze basi, giza limeingia.

Kisha nikahisi vidole vyake shavuni mwangu, vya baridi, bado vimelowa maji ya yule punda. Vilikuwa vimetoka mbali, vikapita katika mwanga wote ule, na mimi sikuviona vikija.